Mtoto Aliyeruhusiwa Yuko Wapi?

Kwenye wodi za hospitali zetu kuna kitabu kikubwa cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Muuguzi hukijaza kwa mkono: tarehe, jina, umri, kijiji, ugonjwa, tiba. Mwisho wa mstari kuna nafasi ya matokeo, na hapo huandikwa kama mgonjwa ameruhusiwa, amepewa rufaa, ametoroka au amefariki. Tuseme mtoto wa miaka sita amefika kutoka Pande, kusini ya Kilwa, taya limevimba hadi meno yamelegea. Amepewa dawa, uvimbe umenywea, mama yake amefurahi. Mstari wake unafungwa kwamba ameruhusiwa, na unaofuata ni wa mtu mwingine.

Mstari huo unatueleza jinsi mtoto alivyotoka mlangoni. Mwaka mmoja baadaye yu hai? Uvimbe ulirudi? Anatafuna muhogo wa kuchoma kama wenzake? Kitabu hakina pa kuandika hayo, na huenda hakuna aliyeuliza.

Kuna tawi zima la utafiti wa afya linaloshughulika na pengo hilo. Huuliza swali moja: baada ya sisi kumtibu, ikawaje? Madaktari wa upasuaji wa kichwa na shingo wamekuwa miongoni mwa wanaoliuliza kwa bidii, na sababu inaeleweka. Anayepasua tumbo huacha kovu chini ya nguo. Anayepasua taya, ulimi au koo anagusa vitu ambavyo mtu huvitumia kila saa mbele ya watu: kula, kumeza, kusema, kupumua, na uso wenyewe. Uvimbe unaweza kuondoka wote na mgonjwa akabaki hawezi kuagiza chai dukani akaeleweka.

Swali lenyewe lina zaidi ya miaka mia. Huko Boston, Marekani, daktari wa upasuaji Ernest Codman alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa kwa muda wa kutosha kujua kama tiba ilimfaa, na kama haikumfaa, iulize kwa nini. Wenzake hawakulipenda jambo hilo. Mwaka 1914 alijiuzulu Massachusetts General Hospital, na katika hospitali yake ndogo akachapisha matokeo ya wagonjwa wake, makosa yakiwemo. Lakini mfano bora wa kujifunzia hatuna haja ya kuufuata Boston. Uko Afrika Mashariki, unahusu taya la mtoto, na pwani ya Lindi imo ndani ya ramani yake.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipoteza jicho moja akiwa na miaka 11, na bado akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini ya Uganda. Jambo la kwanza alilolitambua huko litaeleweka haraka kwa msomaji wa Kilwa au Lindi, kwa sababu lilikuwa busha. Wanaume wengi walikuja kupasuliwa mabusha, na Burkitt akaona kwamba upande mmoja wa wilaya ulileta wagonjwa tele na upande wa pili ulileta wachache sana. Watu ni walewale, hospitali ni ileile. Kwa nini basi? Leo tunajua busha la namna hiyo husababishwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na mbu hawakai kila mahali kwa wingi ulio sawa. Yeye hakuwa na jibu kamili, lakini aliandika alichokiona na kukichapisha mwaka 1951. Alikuwa ameanza kuyaangalia magonjwa kwa jicho la mtu anayeuliza yanakaa wapi.

Mwaka 1957, Burkitt akiwa sasa Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Usaha wa jino haufanyi hivyo, huanzia pahali pamoja. Saratani ya kawaida ya mfupa nayo haianzi pembe nne kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, Burkitt aliona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alimpima, akakuta tumboni nako mna uvimbe. Akarudi Mulago kufukua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha taarifa ya watoto 38.

Tusimame hapa, maana ndipo penye somo la kwanza. Watoto 38 ni wengi au wachache? Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Katika sehemu yoyote ya hesabu kuna kiasi juu na asili chini. Hospitali huwa na kiasi: waliofika. Asili, yaani watoto wote waliokuwa katika hatari ya kuugua, wako vijijini, na hawakuhesabiwa na mtu wodini. Mvuvi anayetega dema kwenye mwamba mmoja atakwambia bahari imejaa changu, kumbe ni mwamba ule tu. Hospitali kubwa ni dema la namna hiyo. Hupata wale ambao barabara, nauli, mjomba mwenye simu na ujasiri wa mama vimewafikisha. Kama Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imepokea watoto wachache wenye uvimbe wa taya kutoka Liwale kuliko kutoka Temeke, hatuna ruhusa ya kusema Liwale ugonjwa ni haba. Huenda umbali ndio mwingi.

Burkitt alilijua tatizo hili, na njia aliyoifuata ilikuwa ya kuwafuata walipo. Kwanza alituma barua na picha za watoto kwa madaktari wa hospitali nyingi za Afrika akiwauliza: umewahi kuuona uvimbe huu? Majibu akayachomeka kwenye ramani. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Safari ilichukua kama wiki kumi na kilomita zipatazo 16,000. Walitembelea hospitali zaidi ya hamsini, wengi wa waliowakuta wakiwa madaktari wa misheni wanaofanya kazi peke yao, na kila mahali swali lilikuwa lilelile.

Thamani ya safari ile ilikuwa zaidi kwenye majibu ya "hapana". Hospitali iliyosema haijauona uvimbe, iliyoko kilomita mia moja kutoka ile iliyosema inauona kila mwezi, ilimpa Burkitt mpaka. Akaona kwamba karibu na ikweta uvimbe hauonekani juu ya takriban mita 1,500. Kadiri wanavyoshuka kusini, mstari huo unateremka, hata kule Msumbiji kusini ugonjwa unabaki kwenye nyanda za chini tu. Kimo hakiwezi kuwa chanzo ikiwa mpaka wake unahama. Kinachobaki palepale kwenye mstari huo ni joto: pale usiku unaposhuka chini ya nyuzi 16 hivi, ugonjwa haupo. Na pasipo na mvua ya kutosha, pia haupo. Joto na mvua vikikaa pamoja, anayestawi ni mbu.

Sasa weka kidole Kilwa. Nyuzi 9 kusini ya ikweta, usawa wa bahari, joto ambalo kwa kawaida halishuki chini ya nyuzi hizo 16 hata usiku wa Julai, mvua ya masika, na malaria iliyouweka mkoa wa Lindi kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye mzigo mkubwa nchini. Vigezo vyote vimetimia. Lakini ukipeleka kidole kaskazini hadi Unguja na Pemba, unakuta hali inayotakiwa iwe hiyohiyo, na huko uvimbe ulikuwa adimu mno. Kwa mtu aliyependa jibu la joto na mvua, visiwa vilikuwa usumbufu. Kwa mtafiti makini vilikuwa zawadi. Kilichotofautisha Zanzibar na pwani ya bara kilikuwa kampeni kubwa ya kupambana na malaria iliyoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo macho yakahama kutoka kwa mbu kwenda kwa ugonjwa anaoubeba.

Kipande cha pili kilitoka London. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, na mmoja wa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Walikubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli hizo. Leo tunakiita kirusi cha Epstein na Barr, na karibu kila mtu mzima duniani anacho. Pwani yetu watoto wengi hukipata kabla hata hawajaanza shule.

Ikiwa karibu kila mtu anacho, kwa nini si kila mtu anaugua? Kirusi hiki hukaa ndani ya seli za kinga zinazotengeneza silaha za mwili dhidi ya vimelea. Malaria inayorudi tena na tena huzichochea seli hizo zigawanyike kwa kasi, na wakati huohuo hudhoofisha askari wanaomlinda mtu dhidi ya kirusi. Seli inayogawanyika mara nyingi huwa na nafasi nyingi za kukosea. Kosa moja mahususi, mara nyingi la vipande vya kromosomu ya 8 na ya 14 kubadilishana mahali, huwasha jeni ambayo haizimiki tena. Hapo limfoma ya Burkitt, yaani uvimbe ule wa taya, imezaliwa, na ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Dhana hii ilijaribiwa Tanzania, jambo ambalo nadhani shule zetu zingelifundisha. Kati ya 1977 na 1982, kule Mara Kaskazini, watoto wa chini ya miaka kumi walipewa vidonge vya klorokwini ili kuzuia malaria, na wagonjwa wa limfoma wakahesabiwa. Ugonjwa ulishuka sana, kisha ukapanda baada ya mradi kumalizika. Ushahidi safi? Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Kushuka kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge, na malaria ilirudi juu kabla mradi haujaisha. Waliyaandika yote mawili. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ambavyo ningewaheshimu wangetuletea jibu lililonyooka.

Turudi kwa mtoto, maana ramani haimtibu. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, na kisu hakikufaa. Uvimbe ulio pembe nne za taya, kwenye figo na tumboni hauwezi kukatwa wote. Mashine za mionzi hazikuwapo Uganda. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye Kampala, na Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo huko Nairobi, walianza kutumia dawa za kuua saratani, methotrekseti na siklofosfamaidi zikiwemo. Ndani ya siku chache nyuso zilizoharibika zilianza kurudi. Picha za kabla na baada zinashangaza hadi leo.

Hapo ndipo daktari mwingine angefunga kitabu. Picha ya baada imepigwa, mtoto ameruhusiwa. Burkitt na Clifford waliendelea kuuliza, na mwaka 1967 kila mmoja, Clifford akiwa na wenzake, alichapisha taarifa kuhusu watoto walioishi muda mrefu. Taarifa ya Burkitt ndiyo inayonigusa zaidi: ilikuwa ya wagonjwa waliopata dozi moja au mbili tu, kiasi ambacho kila mtu angekiona hakitoshi, na miaka ikapita wakiwa hai bila ugonjwa. Ukweli huo, kwamba saratani inayokua haraka hivi huweza kuponywa kabisa kwa dawa, na wakati mwingine dawa kidogo, haukuwa umejificha kwenye maabara. Ulikuwa nyumbani kwa watu, ukicheza uani, ukisubiri kuulizwa hali.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, polepole, kwa mfano wa kubuni.

Watoto kumi wa wilaya ya Kilwa wameanza tiba Dar es Salaam. Katika miezi mitatu ya kwanza wawili wamefariki. Kisha wanne hawaonekani tena: simu hazipatikani, siku ya kliniki imepita. Wamebaki wanne tunaowaona, na kabla ya mwezi wa sita mmoja wao anafariki. Wangapi wamebaki hai hadi miezi sita?

Mwenye matumaini atasema wamefariki watatu tu kati ya kumi, kwa hiyo waliobaki hai ni asilimia 70. Mwenye hofu atasema tunaowaona hai ni watatu tu, kwa hiyo ni asilimia 30. Tofauti kati ya 30 na 70 ni tofauti kati ya tiba ya kuacha na tiba ya kusambaza nchi nzima, nayo yote imetokana na watoto wanne.

Mwaka 1958, mwaka uleule wa taarifa ya kwanza ya Burkitt, Wamarekani Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia ya kati. Usimhesabu aliyepotea kuwa hai wala mfu. Mhesabu kwa muda ule tu uliomwona. Katika miezi mitatu ya kwanza tuliwaona wote kumi, wakavuka wanane: nafasi ya kuvuka ni 8 kwa 10, yaani 0.8. Katika miezi mitatu ya pili tuliwaona wanne, wakavuka watatu: 3 kwa 4, yaani 0.75. Ili ufike mwezi wa sita ni lazima uvuke vipindi vyote viwili, kwa hiyo tunazidisha: 0.8 mara 0.75 ni 0.6. Asilimia 60. Ile michoro ya ngazi inayoteremka unayoiona kwenye taarifa za saratani duniani kote imejengwa kwa kuzidisha huku.

Njia ni nzuri, na ndani yake kuna sharti ambalo watu hulisahau. Inachukulia kwamba wale wanne waliopotea wanaendelea sawa na wale wanne tunaowaona. Hesabu haiwezi kuthibitisha sharti hilo. Anayeweza ni mtu anayeijua Kilwa.

Kwa nini mtoto wa Kilwa hupotea? Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 300. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Siku hizi basi hufika siku hiyohiyo, lakini Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Dozi hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Maji hayajui ratiba hiyo. Mtoto wa kisiwa cha Songo Songo anaanza na mashua kabla ya basi. Na mama anayetakiwa kliniki mwezi wa Novemba anatakiwa pia chini ya mikorosho, kwa kuwa fedha ya korosho ndiyo nauli ya kliniki ijayo.

Waliopotea kwa sababu ya barabara huenda wanafanana na wenzao, na asilimia 60 ikasimama. Waliopotea kwa sababu uvimbe umerudi na familia imeamua kumpeleka kwa mganga, wao si sawa na wenzao, na asilimia 60 ni kujidanganya. Waliopotea kwa sababu mtoto amepona na mzazi haoni sababu ya kusafiri, kama huenda ilivyokuwa kwa baadhi ya watoto wa dozi moja, wanavuta hesabu upande mwingine. Kompyuta haiwezi kuwatenganisha hao. Anayeweza ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye baiskeli, anayejua nyumba.

Ndiyo maana napenda kazi iliyochapishwa mwaka 2012 na Twalib Ngoma wa Taasisi ya Saratani Ocean Road pamoja na wenzake wa Kenya na Nigeria. Walitumia dawa tatu zinazopatikana, na dawa nyingine za akiba kwa waliorudiwa na ugonjwa, kwa wagonjwa 356. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikadiriwa kuwa asilimia 67, na baada ya miaka miwili 62. Nchi tajiri, zenye dawa kali zaidi na wodi za kuhimili makali yake, hufika karibu 90. Msomaji aliyefuatana nami hadi hapa hataridhika na namba 62 peke yake. Atataka kujua wangapi walipotea, walikuwa akina nani, na walitafutwa vipi.

Kuna kitu kimoja ambacho namba hiyo haikigusi kabisa. Kuwa hai ni tokeo la kwanza, si la pekee. Watafiti wa kichwa na shingo hutumia madodoso yenye maswali kuhusu kutafuna, kumeza, matamshi, maumivu na mwonekano. Mengi yametungwa kwa watu wanaokula kila mmoja na sahani yake. Pwani yetu watu hukaa kwenye sinia moja. Mzee aliyekatwa sehemu ya ulimi kwa saratani iliyoletwa na miaka ya tumbaku anaweza kujibu kwamba anakula vizuri, na ni kweli, ila anakula peke yake chumbani kwa sababu anaona haya kudondosha wali mbele ya wenzake. Dodoso likiuliza tu kama anameza, litampa alama zote. Likiuliza kama bado anakaa sinia moja na wenzake, litagundua kilichopotea. Kwa mtoto ningeuliza kama amerudi madrasa na kama anapewa zamu ya kusoma kwa sauti. Maswali hayo yanahitaji kutungwa na watu wa huku, kisha yapimwe kama yanavyopimwa mengine yote: ukimuuliza mtu yuleyule wiki mbili baadaye naye hajabadilika, jibu lisibadilike.

Limfoma ya Burkitt ina tabia moja inayorahisisha kazi hii yote. Ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na mtoto aliyefikisha miaka miwili bila ugonjwa kwa kawaida huhesabiwa amepona. Hakuna haja ya kumwita Dar es Salaam maisha yake yote. Siku anapolazwa zichukuliwe namba za simu za watu wawili wasiokaa nyumba moja, jina la kitongoji na la mwenyekiti wake. Mwaka wa kwanza apigiwe mara kwa mara, maana ndio wa hatari. Mwaka wa pili ukitimia apigiwe tena, na simu isipopokelewa, ujumbe uende zahanati ya kijiji, mhudumu apite nyumbani aulize hali, anakula nini, anakula na nani. Atakachokikuta kiandikwe kwenye mstari uleule wa kitabu ambao leo unaishia mlangoni.